Rihani, Kivumbasi na Jani la Paka: Historia ya Majina Yanayonukia



Sisi ni washonaji wa nguo za harusi huku Njombe, mguu mmoja mjini Njombe na mwingine Makambako. Kazi yetu ni kitambaa na sindano, lakini biharusi akishapimwa kifua na mikono maneno hayaishii kwenye nguo. Atauliza hina nzuri inapatikana wapi, udi upi haukwaruzi koo, liwa inasagwaje. Mwisho atauliza habari za kikuba, na hapo ndipo kwenye tatizo. Huku juu rihani haishiki vizuri. Kivumbasi kimejaa hadi kando ya njia. Basi swali linakuwa: "Nikitia kivumbasi mahali pa rihani, kikuba changu kitakuwa kikuba?"

Kwa dada zetu wa bara wasiokijua, kikuba ni kifungu kidogo cha majani na maua yanayonukia, kama rihani, asumini, mkadi na mpachori, kinachofungwa kwa uzi na kubandikwa kifuani au kwenye nywele. Wanawake wa Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa wamekivaa vizazi na vizazi, ndani ya nyumba zao na kwenye sherehe za wanawake wenzao. Biharusi hakikosi.

Swali hili tumeliona likigombanisha watu. Harusi moja ya hapa Makambako, upande wa bwana harusi ulitoka Unguja. Wifi mtu mzima alikinusa kikuba alichofungiwa biharusi, akakivua na kukiweka mezani. Akasema hii si harufu ya harusi, hii ni harufu ya msiba. Mama wa biharusi, ambaye ni Mbena aliyesilimu akiwa msichana, aliona ametukanwa yeye na majani ya shamba lake. Nusu saa nzima ngoma ilisimama.

Nani alikuwa na haki? Tumeona tulijibu kwa historia, maana ugomvi wote ule ulikuwa ugomvi wa majina. Tuanzie mbali kidogo, kwa ndugu wa rihani ambaye kwetu hajulikani, halafu turudi nyumbani.

Jani lililopewa jina na paka

Ulaya na Asia kuna mmea ambao Waingereza wanauita catnip. Kwa Kiswahili jina lake halijazoeleka, kwa hiyo hapa tutauita jani la paka. Wafaransa nao wanauita majani ya paka, na Wajerumani wanauita mnanaa wa paka. Sababu ni moja. Paka akilinusa jani hili hujisugua nalo uso, hugaagaa chini, hudondosha mate, na baada ya kama dakika kumi huinuka akaenda zake kana kwamba hakuna kilichotokea. Si paka wote. Takribani theluthi mbili hushikwa na harufu hiyo, na wengine hulipita tu, kwa sababu ni jambo la kurithi. Vitoto vidogo vya paka navyo havilijali. Simba wakilipata, nao hugaagaa.

Mwaka 1941 Samuel McElvain na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliitenga ile dawa iliyomo ndani ya jani na kuitambua. Inaitwa nepetalaktoni. Jina hilo limetokana na jina la kitaalamu la mmea, Nepeta cataria, alilolichapisha mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, mwaka 1753. Cataria ni neno la Kilatini linalomhusu paka. Nepeta ni jina la zamani zaidi, la Warumi wenyewe, na wengi wanalihusisha na mji wa kale wa Nepete, kaskazini ya Roma, ambao leo unaitwa Nepi.

Wanaojua Kiingereza kidogo hudhani kile kipande cha "nip" maana yake ni kufinya au kung'ata kidogo, kwa vile paka hulitafuna jani. Sivyo. Ni neno "nep", lililokatwa kutoka nepeta ya Kilatini. Yaani ndani ya jina moja wamekaa pamoja mnyama na mji, na wanaolitamka kila siku hawaoni hata kimoja.

Sisi Waislamu jambo hili si geni. Sahaba aliyetupokelea hadithi nyingi kuliko wote tunamwita Abu Hurayra, na jina hilo maana yake ni baba wa kipaka, kwa ajili ya kipaka alichokuwa akikitunza. Ni wachache wetu wanaokumbuka kwamba jina linalotajwa zaidi kwake baada ya kusilimu ni Abdulrahman. Na paka wenyewe, tumefundishwa na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwamba si najisi, ni katika wanaotuzungukazunguka majumbani.

Hili tulishike kabla ya kuendelea: jina la mmea halituelezi mmea wote. Linatueleza nani aliutazama, na alikuwa akitazama nini. Wazungu walimtazama paka. Waarabu walinusa.

Rihani ilikuwa ni kila chenye harufu nzuri

Mrehani ndio mti wenyewe, na rihani, au rehani kama wengine wanavyotamka, ni majani yake. Neno ni la Kiarabu, rayhan, na linatokana na mzizi uleule wa neno riha, yaani harufu. Asili yake halikuwa jina la mmea mmoja. Rayhan ilikuwa mmea wowote wenye harufu ya kupendeza.

Neno hili limo ndani ya Qur'an mara mbili. Mara ya kwanza ni katika Surat Ar-Rahman aya ya 12, Mwenyezi Mungu anapotaja neema za ardhi. Ya pili ni Surat Al-Waqi'a aya ya 89, anapotaja watakayoyapata waliokaribishwa Kwake. Wafasiri wengine wamesema rayhan hapo ni mimea yenye kunukia, na wengine wamesema ni riziki. Sisi wafanyabiashara tafsiri zote mbili zinatufurahisha.

Kwenye hadithi limo pia. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwafananisha wajukuu zake Hasan na Husayn na rihani zake mbili za dunia. Na imepokewa na Muslim kwamba mtu akipewa rihani asiikatae, kwa kuwa ni nyepesi kuibeba na harufu yake ni nzuri. Lakini imo pia hadithi nyingine inayotuonya, ambapo mnafiki anayesoma Qur'an amefananishwa na rihani: harufu nzuri, ladha chungu. Jani moja limesifiwa na pia limetumika kuonya, kutegemea umelinusa au umelionja.

Sasa tazameni neno lilivyosafiri. Waarabu walipokwenda nalo Andalusi, huko Hispania, liliganda kwenye mmea mwingine kabisa, kichaka cha majani madogo yanayong'aa na maua meupe. Waspania mpaka leo wanakiita arrayán, ambalo ni ar-rayhan lilelile. Ndani ya jumba la Alhambra mjini Granada kuna ua mashuhuri wenye bwawa refu, na kando ya maji imepandwa mistari ya vichaka hivyo. Ua huo unaitwa kwa jina la mmea huo. Kwa Waajemi na Waomani neno liliganda kwenye mmea tunaouita sisi mrehani, na huo ndio uliofika na jina hilo kwenye mwambao wetu na visiwa vyetu.

Wagiriki wa kale walikuwa na jina lao kwa mmea huohuo. Waliuita wa kifalme, na Linnaeus akalichukua neno hilo kwenye jina la kitaalamu, Ocimum basilicum. Huku ni harufu, kule ni mfalme, na shina ni lilelile.

Na tusichanganye na ile rehani nyingine. Tunaposema fulani ameweka cherehani rehani ili apate mtaji, neno hilo limetoka kwenye rahn, yaani amana ya dhamana, ambayo nayo imetajwa katika Surat Al-Baqara aya ya 283. Waliosoma tajwidi wataelewa haraka. Rayhan ina ح, inayotoka katikati ya koo. Rahn ina ه, inayotoka chini kabisa ya koo. Kiswahili kimeziunganisha herufi hizo mbili, ndiyo maana biharusi anaweza kuvaa rehani kifuani, na mama yake ameweka rehani dhahabu ili harusi iende, na masikio yetu yasisikie tofauti.

Kivumbasi cha huku juu

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mkoa wenyewe ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Ni nchi ya chai, viazi, miti ya mbao na siku hizi parachichi. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya usiku inauma, na mrehani hauipendi baridi. Joto likishuka chini ya nyuzi 10 hivi majani yake huanza kuwa meusi. Wenye bidii huupanda kwenye kopo na kuuingiza jikoni usiku. Asiye na bidii hiyo hununua iliyotoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600, kwa basi linalopita Makambako kwenye njia panda ya Songea. Asumini ikisafiri hivyo hufika imenywea. Rihani hufika nusu yake imeungua.

Kivumbasi chenyewe kinajiotea. Na kivumbasi ni Ocimum vilevile, ndugu wa mrehani wa baba mmoja na mama mmoja. Ukitaka kuhakikisha undugu huo huhitaji maabara. Kamata shina ulizungushe kati ya vidole. Utasikia pembe nne, si mviringo. Tazama majani, yametoka mawili mawili yakitazamana. Mrehani una alama hizo, kivumbasi kinazo, mnanaa unazo, mpachori unazo, na jani la paka pia linazo. Wote ni ukoo mmoja.

Ukoo huu una tabia ya kuwakasirisha wadudu. Mwaka 2001 watafiti wa chuo kikuu cha jimbo la Iowa, Marekani, walieleza kwamba dawa iliyomo kwenye jani la paka inafukuza mbu. Mwaka 2021 watafiti wa Japani, katika kazi waliyoifanya juu ya mmea mwingine unaowavutia paka, walionyesha kwamba paka aliyejisugua na majani hayo hupunguziwa mbu. Mabibi zetu walishayajua hayo kwa kivumbasi. Utafiti wa mimea ya kufukuzia mbu kaskazini-mashariki ya Tanzania, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta kivumbasi kikitumika majumbani kwa kazi hiyo.

Sasa tufike kwenye shina la ugomvi wa Makambako. Kivumbasi, kama rayhan ya zamani, si jina la mmea mmoja. Kuna angalau aina mbili zinazouzwa kwa jina hilohilo, na harufu zao ni mbali.

Aina ya kwanza ni kichaka kirefu, majani mapana kidogo. Kwa kitaalamu ni Ocimum gratissimum, na neno hilo la Kilatini maana yake ni yenye kupendeza sana. Mingi ya jamii hii ina mafuta ya yujenoli, na hayo ndiyo mafuta yanayoipa karafuu harufu yake. Mtu wa Pemba akiponda jani la mmea huo anaweza kudhani yuko kwao msimu wa mavuno.

Aina ya pili ina majani yenye rangi ya kijivu, na jina lake la kitaalamu, Ocimum kilimandscharicum, linautaja mlima wetu Kilimanjaro. Lilipewa enzi za ukoloni wa Wajerumani. Huu mara nyingi hunukia kafuri. Na kafuri sisi tunaiitaje? Karafuu maiti.

Hapo ndipo yule wifi aliponusa msiba. Pua yake haikumdanganya. Sunna imetufundisha kutia kafuri katika josho la mwisho la maiti, kama alivyoagizwa Umm Atiyya na wanawake wenzake walipomwosha binti wa Mtume, rehema na amani zimshukie. Sisi Waswahili tukakiita kitu kwa kazi hiyo moja. Tangu hapo, kila tukiisikia harufu tunamwona marehemu. Wakati Qur'an yenyewe, katika Surat Al-Insan aya ya 5, inaitaja kafuri kuwa mchanganyiko wa kinywaji cha watu wema Peponi. Kafuri haina kosa. Ni jina tulilolivika, nalo limeshonwa kwa uzi imara, halifumuki kwa siku moja.

Basi kikuba ni kikuba?

Jibu letu ni ndiyo. Ikiwa rayhan maana yake ni mmea wenye harufu ya kupendeza, biharusi wa Njombe aliyefungiwa kivumbasi chenye harufu ya karafuu amevaa rihani kwa maana ya zamani kabisa ya neno. Hajapungukiwa na kitu mbele ya biharusi wa Unguja. Kikuba ni mila nzuri ya mwambao, si nguzo ya ndoa. Nguzo za ndoa mnazijua, na hakuna hata moja inayoota bustanini.

Lakini yule mama Mbena angeweza kuuliziwa mapema. Na yule wifi angeweza kuuliza kabla ya kuvua. Ndoa inaunganisha koo mbili, na kila ukoo unakuja na pua yake. Haitoshi sisi kuwa sahihi kwa Kiarabu cha vitabuni wakati shangazi wa bwana harusi anaona biharusi ananukia sanda. Kutunza hisia za wakwe nako ni adabu.

Wale wa harusi ile Mwenyezi Mungu aliwasitiri. Bibi mmoja mzee alitoka uani na matawi mawili, moja la kila aina, akamwambia yule wifi ayaponde mwenyewe na kunusa. Wifi aliponusa lile la karafuu alinyamaza, halafu akacheka. Kikuba kikafungwa upya kwa jani hilo, na aliyekifunga ni yeye.

Kwa maharusi wetu wa Njombe, Makambako, Wanging'ombe, Ludewa na Makete, haya ndiyo tunayowaambia wanapokuja kupimwa:

Usiagize kwa jina peke yake. Ukimwambia muuzaji "niletee kivumbasi" atakuletea chochote kinachoitwa hivyo. Mwambie unataka kinachonukia karafuu, kisha ponda jani moja unuse kabla hujalipa.

Wanusishe wakwe wiki moja kabla, si siku ya harusi. Mama mkwe au mavyaa akishasema "hii nzuri", hakuna wifi atakayeivua.

Ukiagiza rihani kutoka Dar es Salaam, iombe ifungwe kwenye jani la mgomba au kitambaa chenye unyevu, na usiiweke kwenye friji, baridi itaiunguza.

Majani haya yana mafuta makali. Kabla ya kuyatia kwenye singo au maji ya kuoga, pakaza kidogo mkononi ungoje siku moja uone kama ngozi inawasha. Kuyanywa ni jambo jingine, na mwenye mimba asinywe bila kumuuliza mtaalamu wa afya.

Na kikuba kiwe cha ndani, kwa mume na kwa wanawake wenzako, kama kilivyokuwa kwa bibi zetu.

Tunawaombea ndoa zenye utulivu, mapenzi na huruma. Anayejua majina mengine ya majani haya kwa Kibena, Kipangwa au Kikinga, akipita dukani atuambie, tuyaandike kwenye daftari letu la vipimo, karibu na majina ya maharusi.

Wabillahi tawfiq.